Injini Iwake, Gari Litulie

Gari la gia za mkono likiwashwa huku gia imeingia na klachi haijakanyagwa, halisubiri dereva aamue. Stata, ile mota ya umeme inayoizungusha injini mpaka ishike moto, ina nguvu ya kulisogeza gari zima kabla hata petroli haijaanza kuwaka. Gari litaruka mbele, au nyuma kama gia iliyoingia ni rivasi, na injini ikishika litaendelea kwenda. Mbele ya gari hilo huenda kuna ukuta wa uani tu. Huenda pia kuna mtu anayefungua geti, fundi aliyeinamia boneti, au mtoto aliyechuchumaa kuokota mpira.

Somo la kuwasha gari hufundishwa kwa haraka mno. Mwanafunzi wa udereva huonyeshwa ufunguo, huambiwa azungushe, na papo hapo mawazo ya wote wawili yanahamia barabarani kwenye kona, vioo na kurudi nyuma. Wengi hujifunzia gari la gia za mkono, kisha wanapopata la kwao linakuwa Vitz, IST au Noah iliyotumika Japani, na mara nyingi ni otomatiki. Hakuna anayekaa nao kuwaeleza nini kimebadilika chini ya miguu yao, nao hulichukulia gari jipya kuwa jepesi kwa sababu lina pedali moja pungufu.

Kuwasha injini ni tendo moja, na kuliondoa gari ni tendo la pili. Ajali za dakika ile ya kwanza hutokea pale matendo haya mawili yanapogongana kuwa moja bila dereva kutaka. Karibu kila hatua ya kuwasha gari kwa usalama, iwe otomatiki au gia za mkono, ina kazi hiyo moja ya kuyatenganisha. Anayeielewa sababu hiyo hahitaji kukariri orodha, kwa kuwa hata akipewa gari asilolijua atajua atafute nini.

Tuanze na gari la gia za mkono, kwa kuwa mambo yake yanaonekana kwa urahisi. Nguvu ya injini hutoka kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la chuma lililo nyuma ya injini, ikapita kwenye sahani ya klachi, ikaingia giaboksi, ndipo ikafika kwenye matairi. Stata huishika flaiwili hiyohiyo kwa meno yaliyo ukingoni mwake. Kwa hiyo stata ikizunguka na njia yote ikiwa imeungana, matairi nayo yatazunguka. Njia hiyo inaweza kukatwa mahali pawili. Ukikanyaga klachi hadi chini unaitenga flaiwili na giaboksi. Ukiweka nyutro, au frii kama wengi wanavyosema, hakuna jozi ya gia inayopeleka nguvu mbele. Handbreki inakuwa ulinzi wa tatu, kwa kuwa yenyewe haikati njia bali huyazuia matairi.

Ninawashauri madereva watumie vyote vitatu kila mara, na mguu wa kulia uwe juu ya breki. Si kwa woga. Kila kimoja kati ya vitatu hivyo kina namna yake ya kukuangusha. Kebo ya klachi hukatika, na klachi ya oili huvuja ikawa unakanyaga pedali laini isiyotenganisha chochote. Handbreki ya gari lililotembea miaka mingi huwa imelegea, hasa kama dereva wake ana mazoea ya kuivuta nusu. Nyutro nayo hudanganya jicho, kwani katika magari mengi gia namba tatu na nyutro huachana kwa umbali mdogo tu. Ndiyo maana nyutro hupimwa kwa mkono. Shika kichwa cha gia ukitikise kulia na kushoto. Kikicheza kwa uhuru, uko nyutro. Kikigoma upande mmoja au kikiwa kimebanwa, kuna gia ndani.

Yatupasa tuamini kwamba kila gari la gia za mkono tunaloliendea limeachwa kwenye gia, mpaka mkono uthibitishe vinginevyo. Dereva makini anayeegesha kwenye mteremko huacha gia makusudi ili injini isaidie kulizuia gari. Huweka namba moja kama gari linatazama kilimani, au rivasi kama linatazama bondeni. Yeye amefanya sahihi kabisa. Hatari humwangukia anayekuja baada yake: kijana wa kuosha magari aliyeombwa alisogeze kidogo, mlinzi anayepisha gari jingine litoke, ndugu aliyepewa ufunguo awashe redio. Anaingia, haketi vizuri, mguu mmoja uko nje, anazungusha ufunguo. Yapo magari yenye swichi kwenye klachi ambayo huzuia stata isipige mpaka pedali ifike chini. Lakini magari mengi ya mizigo na ya abiria yanayozunguka mijini mwetu hayana swichi hiyo, au ilikufa zamani ikaunganishwa waya kwa waya. Usilitegemee jambo usiloliona.

Wapo mafundi wanaopinga desturi ya kukanyaga klachi wakati wa kuwasha. Hoja yao ni kwamba pedali ikikanyagwa huisukuma krenki pembeni, na kwa sekunde hizo za mwanzo oili bado haijafika vizuri kwenye bearingi zinazobeba msukumo huo. Kimekanika hoja hiyo ina msingi. Ila msukumo huo ni wa kitambo kifupi sana, na faida yake ni kubwa. Mbali na usalama, klachi ikikanyagwa stata haiburuzi shafti za giaboksi ndani ya oili nzito. Asubuhi ya baridi Njombe, Makete au Limuru, dereva wa pikapu ya dizeli huisikia tofauti hiyo kwenye mlio wa stata.

Sasa otomatiki. Hapa hakuna pedali ya klachi, lakini usidhani injini na matairi vimeungana moja kwa moja. Katika magari mengi ya otomatiki, kati yake kuna konveta, chombo cha duara kilichojaa oili chenye magurudumu mawili ya mapanga yanayotazamana. Injini huzungusha gurudumu la kwanza, hilo husukuma oili, na oili huzungusha gurudumu la pili linaloelekea giaboksi. Gari likiwa limesimama kwa breki huku gia iko D, oili huendelea kulisukuma lile gurudumu la pili bila kufanikiwa kulizungusha. Ukiachia breki, gari linaanza kujikokota lenyewe hata kama hujagusa mafuta. Mtu aliyezoea gia za mkono hushtuka, kwa sababu alizoea kwamba gari lisilopewa mafuta ama linasimama ama linazimika.

Ukiweka gia kwenye P, mambo mawili hutokea. Nguvu ya injini haipelekwi mbele, na kijino cha chuma ndani ya giaboksi huingia kwenye meno ya shafti inayokwenda kwenye matairi na kuifunga isizunguke. N hufanya la kwanza pekee. Gari lililo kwenye N liko huru kuteremka popote ardhi inapolielekeza. Kwa hiyo, ingawa otomatiki hukubali kuwashwa katika P au N, mahali pa kuwashia ni P. N tuiache kwa dharura, kwa mfano gari limezimika katikati ya foleni au likiwa bado linatembea, nawe unataka kuliwasha upya bila kusimama kabisa.

Swichi iliyo kwenye giaboksi ndiyo inayokataza stata isipige kwenye D au R. Swichi hiyo huchakaa, na nimekutana na magari ambayo ilipoanza kusumbua fundi aliona njia fupi ni kuirukia kwa waya. Gari likawaka na mteja akaondoka ameridhika, bila kujua kwamba tangu siku hiyo gari lake linaweza kuwashwa likiwa kwenye gia. Kama umenunua otomatiki mkononi mwa mtu, lipime mapema. Lipeleke mahali pa wazi na tambarare, pasipo na mtu wala kitu mbele na nyuma. Vuta handbreki yote, kanyaga breki kwa nguvu, peleka gia R, jaribu kuwasha. Stata haipaswi kutoa hata mlio. Rudia kwenye D. Ikipiga katika mojawapo ya hizo, zima mara moja, na safari inayofuata iwe ya gereji.

Magari mengi ya miaka ya karibuni yana kizuizi kingine kinachohusu mguu: gia haitoki P mpaka breki ikanyagwe. Historia yake inafaa kujulikana na kila anayeendesha otomatiki. Katika miaka ya 1980 nchini Marekani, wenye magari ya Audi 5000 walilalamika kwamba magari yao yalichomoka yenyewe mara baada ya kuwashwa na kutiwa gia, huku wao wakiwa wamekanyaga breki kwa nguvu zote. Watu walijeruhiwa, wengine wakafa. Mwaka 1986 kipindi cha televisheni cha 60 Minutes kikalitangaza suala hilo nchi nzima, na mauzo ya Audi huko yakaporomoka. Uchunguzi wa serikali ya Marekani uliotolewa 1989, uliohusisha magari ya makampuni kadhaa, ulionyesha kwamba katika matukio mengi ya aina hiyo sababu ilikuwa mguu. Dereva alikuwa amekanyaga mafuta huku akiamini kwa moyo wake wote kwamba amekanyaga breki.

Wale hawakuwa waongo wala wazembe. Mwili wa binadamu huutuma mguu mahali ulipozoea kuikuta pedali, na mguu ukikosea kwa sentimita chache haukuambii umekosea. Gari linapochomoka, akili hupokea habari moja tu, kwamba breki haifanyi kazi. Jibu la kawaida la mtu ni kukanyaga zaidi. Kadiri anavyokanyaga ndivyo injini inavyopata mafuta zaidi. Kati ya kuanza na kugonga huwa zimepita sekunde chache, na hazimtoshi mtu kufikiri upya.

Audi ilijibu kwa kuweka kifungio cha breki na gia, na makampuni mengine yakafuata. Sheria iliyotiwa saini Marekani mwaka 2008, iliyowalenga watoto wanaochezea gia wakiwa peke yao ndani ya gari, ililazimisha kifungio hicho kwa magari madogo ya otomatiki yaliyotengenezwa kuanzia Septemba 2010. Kifungio hicho kinamhakikishia dereva jambo moja kubwa: wakati gia inaondoka P, mguu ulikuwa juu ya breki kweli.

Kwa hiyo kwenye otomatiki mguu wa kulia ndio unaofanya kazi zote, breki na mafuta, na mguu wa kushoto hupumzika pembeni kabisa. Aliyetoka kwenye gia za mkono ana hatari yake maalumu. Mguu wake wa kushoto, ukitafuta klachi isiyokuwepo, huangukia breki kwa nguvu ya kukanyagia klachi, na gari linalotembea hufunga ghafla. Weka kiti mahali ambapo kisigino cha kulia kinakaa chini mbele ya breki, na vidole vinageukia mafuta pale tu vinapohitajika. Ndala zinazoteleza na viatu vya kisigino kirefu hufanya hesabu hiyo ya mguu iwe ngumu. Vivue, uendeshe kwa viatu vinavyoshika. Na kapeti la sakafuni libanwe kwenye vishikizo vyake lisije likapanda juu ya pedali.

Ikitokea gari linachomoka nawe una hakika umekanyaga breki, ondoa mguu kwenye pedali hiyo. Najua ni jambo gumu kutenda kwa wakati ule, ndiyo maana lifikiriwe kabla. Breki nzima za gari dogo zina nguvu kuliko injini yake, hivyo gari lililokuwa limesimama likienda wakati unakanyaga kwa nguvu zote, yamkini hukanyagi breki. Nyanyua mguu, upeleke kushoto, kanyaga tena, na mkono upeleke gia N.

Breki ina jambo jingine la kukuambia wakati wa kuwasha, na ni zawadi ambayo madereva wengi hawaipokei. Magari mengi ya petroli husaidiwa kubana breki na chombo kinachotumia mvuto wa hewa wa injini. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Iendelee kukanyagwa hivyohivyo, kisha washa. Pedali inapaswa kuzama kidogo chini ya mguu. Huko kuzama ni kile chombo kikiamka. Isipozama, msaada wa breki una hitilafu, nawe umeligundua hilo ukiwa bado uani, si kwenye mteremko wa Kitonga. Kwa sababu hiyohiyo gari lililozimika huku linateremka huwa na breki ngumu na usukani mzito. Breki bado zipo, ila zinataka nguvu zaidi ya mguu.

Kabla ya yote hayo, lizunguke gari kwa miguu. Katika nyumba zetu uani ni mahali pa kuishi. Watoto wanacheza hapo, nguo zinaanikwa, kuku wanajilaza kivulini chini ya chesisi. Mtoto wa miaka miwili aliyesimama nyuma ya bampa haonekani kwenye kioo chochote cha gari lisilo na kamera. Uliza watoto wako wapi na uonyeshwe, usiridhike na jibu la "wako ndani". Mijini pwani, ambako paka ni wengi, gonga boneti mara mbili asubuhi. Paka hupenda joto la injini iliyozimwa usiku, na feni haimpi nafasi ya kukimbia.

Ukishaketi, funga mkanda, kisha zungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, usubiri hapo kidogo. Kwa petroli, sekunde hizo mbili tatu huipa pampu ya mafuta nafasi ya kujaza presha. Kwa dizeli, subiri taa yenye umbo la springi izimike, maana ndiyo inayosema plagi za joto ziko tayari. Ufunguo ukigoma kuzunguka, mara nyingi usukani umejifunga. Usilazimishe ufunguo, chezesha usukani kulia na kushoto huku unazungusha taratibu. Magari ya sindano za mafuta, yaani karibu yote ya tangu miaka ya 1990, hayahitaji kukanyagwa mafuta wakati wa kuwasha. Desturi hiyo ilitoka enzi za kabureta. Kuiendeleza leo ni kuuweka mguu kwenye pedali isiyotakiwa kwa wakati usiotakiwa.

Injini ikishika, achia ufunguo. Taa ya oili izimike ndani ya sekunde chache. Isipozimika, zima injini wewe. Utaona pia mshale wa mizunguko umepanda, pengine juu ya 1,200 kwa dakika, kwa kuwa injini baridi huongezewa kasi ya kusimama, ile ambayo mafundi huiita sailensi. Kwenye otomatiki jambo hili lina uzito wake. Ukitia D au R wakati sailensi iko juu, gari hushtuka na kujikokota kwa nguvu kuliko ulivyozoea. Subiri mshale uanze kushuka, jambo ambalo kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam au Mombasa halichukui muda, halafu tia gia mguu ukiwa umekaza breki. Hakuna haja ya kuacha injini ikinguruma robo saa ati ipate joto. Itapata joto vizuri zaidi kwa kutembea taratibu.

Wala isiachwe ikinguruma ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika chache, hata mlango ukiwa nusu wazi. Moshi wa petroli una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huumwa kichwa, husinzia, na hazinduki tena. Toa gari nje kwanza.

Mteremko una taratibu zake. Mwenye otomatiki aliyeegesha kilimani kwa P peke yake ameutundika uzito wote wa gari kwenye kile kijino cha chuma. Asubuhi anapoondoa P husikia mshindo, na gari hutikisika. Kijino kilikuwa kimebanwa. Dawa yake ni wakati wa kuegesha: ukiwa umekanyaga breki weka N, vuta handbreki, achia breki ya mguu polepole gari litulie juu ya handbreki, ndipo uweke P. Wakati wa kuondoka, washa ukiwa umekanyaga breki, toa gia P, na handbreki iachiwe mwisho.

Kwa gia za mkono, kilima ndicho kipimo cha dereva. Injini ikiwa imewaka, klachi imezama na namba moja imeingia, inua klachi mpaka usikie injini inabadilika sauti na pua ya gari inanyanyuka kidogo. Hapo klachi imebalansi. Ongeza mafuta kidogo, achia handbreki, na gari halitarudi hata kidole. Anayeondoka kivukoni Likoni au Kigamboni, gari jingine likiwa limemgusia bampa nyuma na watu wakipita katikati, ataona kwa nini handbreki isiachiwe mapema. Malori hutegemea utingo aweke kabari au jiwe nyuma ya tairi. Ni ulinzi mzuri, mradi utingo asimame kando ya njia ya gari na aondoe kabari baada ya kusikia dereva yuko tayari.

Yapo pia masaibu ya gari lisilowaka. Stata isipigwe zaidi ya sekunde 10 hivi kwa mara moja. Inakula umeme mwingi na inapata joto upesi, basi ipumzike nusu dakika au zaidi. Ukisikia "tik-tik-tik" huku taa za dashibodi zinafifia, kwa kawaida betri imeishiwa au vichwa vya nyaya vimelegea au vimeota kutu. Betri iliyojaa, gari likiwa limepumzika, husoma karibu volti 12.6.

Hapo ndipo majirani huitwa kusukuma. Gari la gia za mkono linaweza kuwashwa hivyo: ufunguo uwashwe, klachi ikanyagwe, gia namba mbili iingie kwa kuwa namba moja hushtua mno, na gari likipata mwendo klachi iachiwe kwa haraka kisha ikanyagwe tena injini inaposhika. Wasukumaji wajue mapema kwamba gari litawatoka mikononi, na wasilisukume kuelekea barabarani. Otomatiki haiwashwi hivyo, hata wasukume watu 20. Gia zake hushikwa na presha ya oili, na pampu ya presha hiyo huzungushwa na injini. Injini isipozunguka hakuna presha, na pasipo presha matairi hayawezi kuizungusha injini.

Kwa otomatiki, basi, ni kuazima umeme. Unganisha chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima, kisha hasi ya betri nzima. Ncha ya mwisho ikae kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri, kwa kuwa betri hutoa haidrojeni na cheche moja huilipua. Lori likijitolea kusaidia, mshukuru dereva wake na umuulize kwanza kuhusu umeme wake. Malori mengi makubwa hutumia volti 24, na volti 24 huunguza vifaa vya gari la 12.

Lipo tendo moja ambalo ningependa likomeshwe kila gereji. Stata isipopokea umeme wa ufunguo, fundi hufungua boneti, huweka bisibisi kwenye vichwa viwili vya stata na kuipiga shoti moja kwa moja. Njia hiyo huiruka swichi ya klachi na huiruka swichi ya P na N. Kabla ya 1912 injini iliwashwa kwa hendeli la chuma, mtu akiwa amesimama mbele ya gari. Hendeli lilivunja mikono, na gari lililoachwa kwenye gia lilimpanda aliyeliwasha. Mwaka huo Cadillac ilileta stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, ikamtoa mtu mbele ya gari na kumketisha kwenye kiti, breki chini ya mguu wake. Bisibisi inamrudisha kulekule. Kama hapana budi, mtu mzima anayejua gari aketi kitini akiwa amekanyaga breki, gia ikaguliwe na watu wawili, matairi yawekewe kabari, na fundi asimame ubavuni.

Magari ya kitufe yameleta hatari nyingine, ya ukimya. Ukibonyeza kitufe bila kukanyaga breki, umeme tu huwaka. Ukibonyeza huku umekanyaga, injini huwaka. Kwenye haibridi kama Toyota Aqua na Prius, huenda usisikie chochote. Mota ya umeme iko tayari, injini ya petroli imelala, na dalili kuu ni neno READY kwenye dashibodi. Taa hiyo ikiwaka, ukitia D gari litaondoka kimya. Dereva anayedhani amezima, akainama kuchukua mzigo huku gia iko D, yumo ndani ya gari lililowashwa. Abiria aliyebaki ndani, hasa mtoto, naye ameachiwa gari lililowashwa. Kabla ya kushuka, kanyaga breki, weka P, vuta handbreki, bonyeza kitufe, na subiri READY izimike. Kengele ikilia unapofungua mlango, rudi uketi uangalie dashibodi, kwani kimojawapo kati ya hivyo hakijafanyika.